Kani Haichagui Njia

Chukua mawe matatu. La kwanza liachie tu. Litashuka wima mpaka chini. La pili lirushe mbele. Litapinda angani na kuangukia mbali kidogo. La tatu lirushe sambamba na ardhi kwa kasi ya kilomita 7.9 hivi kwa sekunde, na tuseme hakuna hewa wala milima ya kulizuia. Hilo halitatua. Litaizunguka dunia na kurudi lilikotoka baada ya dakika kama 84, kisha lianze raundi ya pili.

Mstari mnyoofu, mpindo, duara. Mtu asiyejua angeapa kwamba mawe haya yanavutwa na vitu vitatu tofauti. Kumbe mvutaji ni mmoja, dunia, na kila jiwe linavutwa kuelekea kitovu chake kwa sheria ile ile. Kilichotofautiana ni mwanzo wake tu: liliachwa na kasi gani, na kuelekea wapi.

Jambo hili limenikaa kichwani muda mrefu, na naona vitabu vingi vya fizikia vinalipita mbio. Vinatupa sheria ya pili ya Newton, vinapanga herufi zake, kisha vinakimbilia mazoezi. Ukiisoma sheria yenyewe polepole utaona haitamki popote kwamba chembe inakwenda wapi. Inasema kani, yaani msukumo au mvuto unaoifikia chembe, itabadilisha kasi yake kiasi gani, kuelekea upande gani, kila muda mfupi unaopita. (Chembe ni kitu chochote tunachokihesabu kama nukta, tukiacha kando umbo lake. Na ninaposema kasi nahesabu mwelekeo wake pia.) Sheria inakukuta tayari una mwendo wako, inakuongezea kidogo huku, inakupunguzia kidogo kule. Huo mwendo ilioukuta haikuuleta yenyewe.

Wanadamu walichukua karne nyingi kulikubali hilo, na siwalaumu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kila kinachokwenda kuna kinachokisukuma, na msukumo ukikoma mwendo hukoma. Ukitazama vitu vinavyokokotwa ardhini utamwelewa. Mshale ndio uliomtia taabuni: ukishatoka kwenye upinde, nani anausukuma? Jibu lake lilikuwa hewa. Katika karne ya 6, John Philoponus wa Alexandria alikataa, akasema mrushaji anakipa kitu chenyewe uwezo fulani wa kwenda ambao hukaa ndani yake na kuisha kidogo kidogo. Jean Buridan wa Paris, karne ya 14, aliliendeleza wazo hilo na kusema uwezo huo hauishi wenyewe, unamalizwa na vizuizi. Hapo walikuwa wamebakiza hatua chache.

Karne mbili baadaye wapiga mizinga walitaka jibu la kutumia. Mwaka 1537 Niccolò Tartaglia, Mwitaliano, alichora njia ya risasi ya mzinga katika vipande vitatu: kwanza mstari mnyoofu, halafu kipande cha duara, halafu mstari wima kwenda chini. Mchoro huo ni picha kamili ya fikra ya zamani. Msukumo wa baruti unatawala, kisha mambo mawili yanavutana kidogo, kisha uzito unashika zamu. Tartaglia mwenyewe, miaka michache baadaye, alikiri kwamba hakuna sehemu ya njia hiyo iliyonyooka kabisa.

Fikra hiyo haikufa. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu mchoro wa mrija uliopindwa na kulazwa, wakawauliza mpira ukitoka ndani yake kwa kasi utashika njia gani. Wengi walichora mpira ukiendelea kupinda, kana kwamba umeuzoea mpindo. Jibu sahihi ni mstari mnyoofu, kwa mwelekeo uleule mpira uliokuwa nao ukivuka mdomo wa mrija. Ukuta ndio uliokuwa ukiupinda, na ukuta umebaki nyuma. Kasi inabebwa, kani haibebwi.

Galileo, mwanasayansi wa Italia, ndiye aliyelimaliza suala la mizinga, katika kitabu alichokitoa mwaka 1638 akiwa mzee na macho yamepofuka. Alikata mwendo vipande viwili visivyoingiliana. Kwa mlalo hakuna kinachovuta, kwa hiyo kitu kinakwenda umbali uleule kila sekunde. Kwa wima kuna uzito, kwa hiyo kitu kinaanguka kama kingeanguka kikiachwa tu. Rusha mpira kwa mlalo, mita 20 kwa sekunde: baada ya sekunde 1 umefika mita 20 mbele na mita 4.9 chini, baada ya sekunde 2, mita 40 na 19.6; baada ya sekunde 3, mita 60 na 44.1. Unganisha nukta hizo upate mkunjo uitwao parabola. Sekunde za kuanguka hazikuuliza mpira ulirushwa kwa kasi gani, na mita za mbele hazikuuliza kama kuna uzito.

Kuna kitu kuhusu parabola ambacho kilinishangaza nilipokiona mara ya kwanza: zote zina umbo moja. Mpira uliorushwa kwa nguvu na uliorushwa polepole, wa duniani na wa mwezini, mikunjo yake ni mkunjo mmoja uliokuzwa au kupunguzwa, na mrusho umeamua tu utumie kipande kipi cha mkunjo huo. Ukubwa unategemea mraba wa kasi ya mlalo ukigawanywa kwa mchapuko wa mvutano, yaani kasi ambayo mvutano unaiongeza kila sekunde. Mwezini, ambako mvutano ni kama moja ya sita ya hapa, mrusho uleule unafika mbali mara sita. Ukirudufu kasi ya kuanzia, umbali unakuwa mara nne.

Nisiondoke hapa bila kuzilalamikia nyuzi 45. Kila mwanafunzi amekaririshwa kwamba ukitaka kufika mbali zaidi, rusha kwa nyuzi 45. Ni kweli kama hakuna hewa, kama unatua kwenye kimo ulichorushia, na kama mkono wako unatoa kasi ileile kwa kila pembe. Mrusha tufe hana hata sharti moja kati ya hayo mawili ya mwisho. Tufe linamtoka likiwa juu ya bega na kutua ardhini, na mwili wa binadamu husukuma kwa kasi kubwa zaidi unapoelekea mbele kuliko unapoelekea juu. Ndiyo maana warusha tufe wazuri huachia chini ya nyuzi 45, na kwa mbali.

Turudi kwenye mpindo wenyewe, maana hapo ndipo utamu ulipo. Kani yoyote inayoifikia chembe unaweza kuigawa sehemu mbili. Moja imelala kwenye mstari wa mwendo. Hiyo inaongeza au kupunguza ukubwa wa kasi, haigusi mwelekeo. Nyingine inatoka ubavuni. Hiyo inapinda njia, haigusi ukubwa wa kasi. Njia ikipinda, kila kipande chake kidogo ni kipande cha duara fulani, na nusu kipenyo cha duara hilo ni mraba wa kasi ukigawanywa kwa mchapuko wa ubavuni.

Ule mpira wa mita 20 kwa sekunde, unapoachiwa kwa mlalo, uzito wote unauvuta kutoka ubavuni. Mraba wa 20 ni 400. Gawanya kwa 9.8, ambao ndio mchapuko wa mvutano wa dunia, upate takribani mita 41. Kwa muda mfupi huo mpira unafuata duara la mita 41. Upe mita 40 kwa sekunde, duara linakuwa la mita 163. Kani haikubadilika hata chembe, ila mwendo mkubwa ni mgumu kuupinda. Sasa weka mita 7,900 kwa sekunde. Mraba wake ni milioni 62.4, gawanya kwa 9.8, jibu ni mita milioni 6.37, yaani kilomita 6,370. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya dunia yenyewe.

Hesabu hii ningetaka ifundishwe siku ileile ya mpira, si miezi mingi baadaye kwenye sura ya setilaiti, kana kwamba ni somo jingine. Setilaiti ni mpira ambao mpindo wake umelegea mpaka ukalingana na mpindo wa ardhi iliyo chini yake. Inaanguka muda wote, na ardhi inaikwepa muda wote. Newton alilieleza kwa mzinga uliowekwa juu ya mlima mrefu kupita kiasi, ukifyatua kwa kasi inayozidi kila mara, risasi ikitua mbali na mbali zaidi mpaka isitue tena. Mwezi pia uko hivyo. Wanaouliza kwa nini mwezi hauanguki wanasahau kwamba unaanguka; una kasi ya ubavu ya kilomita moja hivi kwa sekunde, na kwa umbali uliopo hiyo inatosha.

Ongeza kasi juu ya 7.9 na njia inarefuka kuwa duaradufu, mahali pa kurushia pakiwa ndipo karibu zaidi na dunia. Kadiri kasi inavyopanda duaradufu inanyooka na kurefuka, hadi kilomita 11.2 kwa sekunde, ambapo upande wa mbali unafunguka na jiwe halirudi. Hapo njia ni parabola. Kasi ikizidi hapo inakuwa haipabola, mkunjo uliofunguka zaidi. Mvutano ni ule ule, unaopungua kwa mraba wa umbali, na njia zote hizi zimo ndani yake zikisubiri kasi ya kuzitoa. Tena ule mpira wa Galileo, ukitaka ukweli kamili, haukuchora parabola. Ulichora ncha ya duaradufu nyembamba mno ambayo fokasi yake ya mbali (fokasi ni nukta mbili maalumu zilizo ndani ya kila duaradufu) iko katikati ya dunia, na ardhi ikaikatiza. Tunaiita parabola kwa sababu kwa umbali wa mita chache mivuto yote inaonekana kwenda sambamba.

Zipo kani nyingine zenye tabia ya kufuta mwanzo. Hewa ni mojawapo. Upinzani wake unaelekea kinyume cha mwendo na unakua kadiri kasi inavyokua, kwa hiyo hatimaye unalingana na uzito, na kitu kinaendelea kushuka kwa kasi isiyobadilika. Tone la mvua likianguka kutoka kilomita 2 bila hewa lingefika chini kwa karibu mita 200 kwa sekunde na kutuumiza. Matone makubwa kabisa hufika kwa mita 9 hivi kwa sekunde, na ukilipima hapo chini huwezi kujua limetoka kimo gani wala liliondokaje kule juu. Hewa imelisahaulisha.

Ukienda kwa viumbe wadogo usahaulifu huo unakuwa wa kupindukia. Mwanafizikia Edward Purcell alionyesha mwaka 1977 kwamba bakteria anayeogelea majini, akiacha kujisukuma, anasimama ndani ya umbali mdogo kuliko kipenyo cha atomu moja. Kwake maji ni mazito kuliko asali kwetu. Kasi ya mwanzo haimsaidii kitu; kinachoamua anakokwenda ni kani ya wakati uleule. Aristotle hakukosea kuhusu kila kitu, ila fizikia yake ni ya bakteria.

Kinyume cha hewa ni sumaku, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Chembe yenye chaji, yaani yenye umeme, ikiwa imetulia ndani ya uga wa sumaku usiobadilika (uga ni eneo linalofikiwa na nguvu ya sumaku), haipati kani yoyote. Itakaa hapo hapo. Ni lazima iwe na mwendo ndipo kani izaliwe, na ikizaliwa inakaa kwa nyuzi 90 na mwendo huo, daima. Kwa maneno mengine kasi ya mwanzo inaiita kani, na kani inaipinda kasi bila kuiongeza wala kuipunguza. Njia yake ni duara. Elektroni inayokwenda kilomita 10,000 kwa sekunde ndani ya uga wa tesla 0.001 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga wa sumaku) inazunguka kwenye duara la nusu kipenyo cha sentimita 5.7. Irudufishie kasi, duara linakuwa la sentimita 11.4, lakini muda wa raundi moja haubadiliki, maana njia imerefuka kwa kiwango kilekile kasi ilichoongezeka.

Ernest Lawrence, mwanafizikia wa Berkeley, Marekani, aliona faida hapo. Kama muda wa raundi ni mmoja kwa wenye kasi na wasio na kasi, unaweza kuzipiga chembe teke la umeme kwa mapigo yaliyopangwa mara moja tu, na kila zikipita zinaongeza mwendo na kupanua duara. Kifaa chake cha kwanza, saiklotroni, mwaka 1931, kilikuwa na kipenyo cha sentimita 11 hivi. (Kasi ikikaribia ile ya mwanga mpango huo unavurugika, na mashine kubwa za baadaye zililazimika kubadili mapigo.)

Na kama kasi ya mwanzo imeegemea kidogo upande wa uga, sehemu hiyo ya kasi haiguswi kabisa. Chembe inazunguka huku ikisonga, na njia inakuwa msokoto. Baadhi ya chembe kutoka juani huishia kusokota kwenye mistari ya sumaku ya dunia, na mistari hiyo inashuka karibu na ncha za kaskazini na kusini, ndiko zile taa za angani za rangi zinakoonekana.

Utegemezi huu wa mwanzo unaweza kukukwamisha ukitaka kuisoma njia kinyumenyume. Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge alikuwa na miale isiyojulikana ndani ya bomba la kioo. Alipoipitisha kati ya bamba mbili zenye umeme ilipinda. Je, mpindo ule ulimwambia nini? Peke yake, karibu hakuna. Chembe nyepesi inayokwenda mbio na chembe nzito inayojikokota zinaweza kupinda sawasawa kabisa. Njia moja, maelezo mengi, kwa sababu kasi ya kuingilia haijulikani.

Alichofanya Thomson kinanifurahisha hadi leo. Aliweka uga wa sumaku unaovuta kinyume cha umeme, akaurekebisha mpaka mwale ukanyooka tena. Kani ya umeme haijali kasi, kani ya sumaku inaijali. Zikilingana, kasi lazima iwe uga wa umeme ukigawanywa kwa uga wa sumaku. Chaji na tungamo (wingi wa mata iliyomo kwenye chembe) zimejiondoa zenyewe kwenye hesabu. Kasi ya mwanzo ikapatikana kutoka kwenye mstari mnyoofu! Alipourudia mpindo akiwa na namba hiyo mkononi, alipata uwiano wa chaji na tungamo, akaukuta mkubwa zaidi ya mara elfu kuliko ule wa haidrojeni. Hivyo ndivyo elektroni ilivyojulikana.

Johannes Kepler, mwanaastronomia Mjerumani, ni mfano wa pili, na wa kusikitisha kidogo. Mwaka 1596, akiwa kijana, alitaka kujua kwa nini sayari ni sita (ndizo zilizojulikana) na kwa nini ziko umbali zilioko kutoka kwenye jua. Akajaribu kulijibu kwa maumbo matano ya jiometri yaliyo na nyuso sawa, kila moja limepachikwa ndani ya jingine, na sayari zikikaa katikati yao. Ni wazo zuri, na namba zilikaribia. Mwaka 1609 alitoa jambo lingine, kwamba Mirihi huzunguka kwa duaradufu na jua liko kwenye fokasi. La pili limesimama hadi leo na la kwanza limeanguka, ingawa mtu ni yule yule na bidii ni ile ile. Duaradufu inatoka kwenye kani. Umbali wa sayari unatoka kwenye mwanzo: mavumbi na gesi vilivyokuwapo, vikienda upande fulani kwa kasi fulani. Kepler aliiuliza sheria swali ambalo si lake kujibu. Kabla hujajua mvutano unafanyaje kazi, huwezi kutenganisha maswali hayo mawili, na sidhani yupo kati yetu ambaye angeyatenganisha mwaka 1596.

Hesabu ya Kepler ina sayari moja na jua moja. Zikiwa zaidi, kila moja inaivuta mwenzake, na hapo mwanahisabati Mfaransa Henri Poincaré aligundua mwishoni mwa karne ya 19 kwamba njia mbili zilizoanza karibu kufanana zinaweza kuachana vibaya. Kuna jaribio la mwaka 2009 la Jacques Laskar na Mickaël Gastineau wa Paris ambalo huwa nalirudia kulisoma. Walizihesabu kwa kompyuta njia za sayari kwa miaka bilioni 5 ijayo, mara 2,501. Kani zilikuwa zile zile kila mara. Mwanzo ulitofautiana katika jambo moja tu: ukubwa wa njia ya Zebaki, sayari iliyo karibu zaidi na jua, kwa hatua ya milimita 0.38, ndogo kuliko tunavyoweza kuupima. Katika hesabu nyingi sayari ziliendelea kuzunguka kama zinavyozunguka leo. Katika moja hivi kati ya kila mia, njia ya Zebaki ilirefuka kiasi cha kuweza kuikuta Zuhura au kutumbukia juani, na katika mojawapo ya hesabu hizo, vurugu ilienea mpaka kwenye Mirihi, Zuhura na dunia yetu, zikafika mahali pa kugongana.